Nani huamua utakachosikia msimu ujao?

Ukumbi mkubwa wa muziki mjini ukitangaza msimu mpya, kinachomfikia msikilizaji ni kijitabu chenye picha za kuvutia na orodha ndefu ya tarehe. Leo simfoni (utunzi mrefu wa okestra nzima), wiki ijayo mpiga piano peke yake, halafu mchezo wa kuigiza, halafu kwaya, halafu bendi ya jazi. Wengi huipitia orodha hiyo wakitafuta jina wanalolifahamu, wakishalipata hununua tiketi moja au mbili, basi. Maswali hubaki bila majibu. Kwa nini Beethoven, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, amerudi tena? Kwa nini utunzi mpya kabisa umepewa dakika kumi na mbili tu, tena mwanzoni mwa jioni? Kwa nini mchezo wa kuigiza unachezwa wiki tatu mfululizo, ilhali okestra inapiga siku moja au mbili kisha inageukia kazi nyingine?

Majibu yapo, na mengi hayana uhusiano na ladha ya mkurugenzi. Ratiba ya msimu hutokana na mvutano wa mambo manne: jengo lenyewe, kalenda za wasanii, haki za watunzi na fedha. Ukishayajua, kijitabu kile kile kinaanza kukuonyesha ni wapi ukumbi umejihami na ni wapi umethubutu. Mimi naamini zile jioni za kuthubutu ndizo zinazostahili tiketi yako ya kwanza, na sababu zangu zitaonekana huko mbele.

Tuanze na jengo, maana hilo halibembelezeki.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao haukufaa kwa mihadhara. Mhadhiri alitamka neno, sauti ikaendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde tano, na maneno yaliyofuata yakaangukia juu yake hadi watu wa nyuma hawakuambulia kitu. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30, akapewa kazi ya kutafuta dawa. Vifaa vyake vilikuwa bomba la kinanda, saa ya kuhesabu sekunde na masikio yake mwenyewe. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa umetulia. Yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, wakaipanga, wakapuliza bomba na kuhesabu mpaka sauti ilipofifia kabisa. Wakaongeza mito, wakapima tena. Kunapokaribia kucha, mito yote ilirudishwa ilikotoka. Katika kazi hiyo ya kuchosha ndimo ilimotoka kanuni ambayo wahandisi wa sauti wanaitumia mpaka leo: chumba kikiwa kikubwa mvumo hurefuka, na vitu laini vikiwa vingi, ikiwemo miili ya watu na nguo zao, mvumo hufupika.

Ukumbi wa kwanza kujengwa kwa kufuata hesabu zake ni Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900. Hadi leo unatajwa pamoja na Musikverein wa Vienna (1870) na Concertgebouw wa Amsterdam (1888) kila wajuzi wanapozungumzia kumbi zenye sauti bora duniani. Zote tatu zina umbo la sanduku refu lenye dari ya juu, na watu wakijaa, mvumo wake ni wa takriban sekunde mbili.

Sekunde hizo mbili zinaamua mengi kuliko mkurugenzi yeyote. Kwa simfoni ni neema: sauti za nyuzi zinaungana, tarumbeta zinapata upana, na okestra nzima ikikata ghafla unaisikia sauti ikielea juu ya vichwa vya watu kabla ya kuzimika. Kwa mwigizaji ni balaa. Mtu anayezungumza kwa kasi ya kawaida hutamka silabi nne au tano kila sekunde, kwa hiyo mvumo wa sekunde mbili unamaanisha kwamba silabi nane au zaidi zinagombania sikio la msikilizaji kwa wakati mmoja. Mchezo wa kuigiza unahitaji mvumo wa karibu sekunde moja, na ukipungua hapo si vibaya. Ndiyo sababu ukumbi uliojengwa kwa ajili ya okestra haugeuki kuwa ukumbi wa tamthilia kwa kupanga viti upya. Kumbi nyingi za kisasa zimejengewa mapazia mazito yanayoshushwa ukutani ili kunyonya sauti, na dari ndogo zinazoning'inia juu ya jukwaa ambazo hupandishwa au kushushwa. Ule wa Lucerne, uliofunguliwa mwaka 1998, una vyumba vitupu nyuma ya kuta zake na milango mizito inayofunguliwa pale muziki unapohitaji mvumo zaidi.

Hata hivyo, tatizo si sauti peke yake. Ukumbi wa tamthilia una mnara juu ya jukwaa ambamo mandhari yote hunyanyuliwa kwa kamba, una nafasi pana pembeni za kufichia vitu, na shimo la wapiga muziki mbele. Ukumbi wa okestra kwa kawaida hauna mnara wala pembe hizo. Jukwaa lake ni sakafu wazi iliyo katika chumba kimoja na wasikilizaji. Kwa hiyo ukiona kwenye kijitabu kwamba opera au tamthilia itaonyeshwa ndani ya ukumbi mkubwa wa muziki, tarajia igizo lililopunguzwa: waigizaji mbele ya okestra, taa, mavazi kidogo, pengine vinasa sauti, bila majumba ya mbao yanayoshuka kutoka juu. Yapo maonyesho ya namna hiyo yaliyonigusa kuliko yale yenye majumba, kwa kuwa macho hayana pa kukimbilia isipokuwa nyuso za waimbaji.

Wanaodhani jengo linaweza kulazimishwa kufanya yote watazame yaliyotokea Sydney, Australia, kwenye jengo la Sydney Opera House. Mpango wa msanifu Jørn Utzon ulikuwa ukumbi mkubwa utumike kwa matamasha na opera pia. Utzon alijiuzulu mwaka 1966 ujenzi ukiwa bado unaendelea, na baadaye uamuzi ukabadilishwa: ukumbi mkubwa ukawa wa matamasha pekee, mitambo ya jukwaa iliyokwisha kufungwa ikang'olewa, na opera ikahamishiwa ukumbi mdogo uliokusudiwa kwa michezo ya kuigiza. Jengo lilifunguliwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi wapiga muziki wa opera wamelalamikia shimo lao lililobana. New York nako, ukumbi wa okestra wa Lincoln Center ulifunguliwa mwaka 1962 ukalaumiwa kwa sauti yake mara moja, ukavunjwa ndani na kujengwa upya mwaka 1976, na ukafunguliwa tena mwaka 2022 ukiwa umepunguzwa viti zaidi ya 500. Viti 500 ni mapato yanayoachwa kila usiku wenye ukumbi kujaa. Waliamua kwamba bila sauti nzuri hakuna cha kuuza.

Baada ya jengo huja kalenda. Hapa wasomaji wengi hushangaa: msimu unaotangazwa mwaka huu ulianza kupangwa miaka miwili au mitatu nyuma. Waongozaji wa okestra na wapiga solo mashuhuri huwekwa mapema kiasi hicho, na waimbaji wa opera wa daraja la juu hata zaidi. Okestra inayosafiri ni mzigo mwingine kabisa. Watu tisini au mia, pamoja na masanduku ya fidla kubwa za kusimama na ngoma zinazohitaji lori, hawasafiri kwa ajili ya jioni moja. Wanapita mji baada ya mji kwa mnyororo, na tarehe mnayopewa ninyi inategemea walikolala jana na wanakotakiwa kesho kutwa. Ndiyo maana okestra kubwa kutoka mbali huweza kuangukia Jumanne ya katikati ya mwezi wakati kila mtu angependa Jumamosi.

Pia si kila jioni iliyomo kwenye kijitabu ni ya ukumbi. Hili halisemwi kwa sauti, lakini ni ufunguo wa kusoma ratiba yoyote. Jioni nyingine ni za okestra mwenyeji, ambayo mara nyingi ni taasisi tofauti na ukumbi, kama ilivyo Amsterdam, na ndiyo inayochagua tarehe kwanza. Nyingine zimekodiwa na waandaaji wa nje wanaolipa pango, wanachapisha mabango yao na kubeba hasara yao wenyewe. Zinazobaki, na aghalabu ndizo chache, ni zile ambazo ukumbi umeziandaa kwa fedha zake, kwa sababu kuna mtu ndani aliyeamini kuwa zinapaswa kusikika. Kijitabu kizuri huonyesha nani mwandaaji wa kila jioni, ingawa kwa herufi ndogo. Zitafute herufi hizo.

Maadhimisho nayo yana nguvu kubwa kwenye kalenda. Mwaka 2020 ulikuwa wa miaka 250 tangu Beethoven azaliwe, na kumbi za nchi nyingi zilijaza ratiba kwa kazi zake kabla ya janga la korona kufuta karibu kila kitu. Mwaka 2027 ni miaka 200 tangu afariki, na 2028 itakuwa zamu ya mtunzi mwenzake, Schubert. Sina ugomvi na kumbukumbu hizi, ila nina wasiwasi zinapokuwa kisingizio cha kupiga tena kile kile kilichopigwa mwaka uliopita.

Swali la kwa nini ni watunzi wale wale kila mwaka linatupeleka kwenye haki na historia kwa pamoja. Zamani haikuwa hivi. Katika karne ya 18 watu walikwenda kwenye tamasha kusikia muziki wa watunzi walio hai, kama tunavyofanya leo kwa muziki wa dansi. Ilikuwa ndani ya karne ya 19 mizani ilipogeuka. Leipzig ni mfano mzuri: okestra ya mji ule ilipata ukumbi wake mwaka 1781 ndani ya jengo la wafanyabiashara wa vitambaa, na mtunzi Felix Mendelssohn, aliyeichukua mwaka 1835, baadaye alianza kuandaa pia matamasha ya kihistoria yenye kazi za Bach, Handel na wengine waliokwisha kufa. Wazo lilipokelewa vizuri mno. Kufikia mwisho wa karne, katika miji mingi ya Ulaya marehemu walikuwa wanapigwa kuliko walio hai, na hali haijabadilika sana tangu hapo.

Sheria imekazia mwelekeo huo. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza hakimiliki hudumu kwa maisha ya mtunzi na miaka 70 baada ya kifo chake. Beethoven yuko huru. Bartók, aliyefariki mwaka 1945, yuko huru tangu mwanzo wa 2016. Lakini Stravinsky, aliyefariki 1971, atalindwa hadi mwisho wa 2041, na Shostakovich, aliyefariki 1975, hadi mwisho wa 2045. Kwa kazi zinazolindwa, okestra mara nyingi hainunui noti. Inazikodi kwa mchapishaji. Kurasa huja zikiwa na alama za penseli za okestra zilizotangulia, hutumika kwa wiki moja, na hurudishwa. Gharama ya kukodi, pamoja na malipo ya hakimiliki yanayotozwa kwa onyesho, huongezwa kwenye bajeti ya jioni ambayo tayari ni ngumu kuuza.

Kwenye tamthilia masharti ni makali zaidi. Mwenye haki anaweza kukataa kabisa, au kuzuia kundi dogo lisicheze mchezo fulani kwa sababu kampuni kubwa inajiandaa kuucheza karibu na hapo. Anaweza pia kudai usiguse neno. Mwaka 1988 Samuel Beckett alikwenda mahakamani Uholanzi kuzuia kundi la wanawake lisiigize mchezo wake alioandikia wanaume. Alishindwa, akajibu kwa kupiga marufuku michezo yake nchini humo. Shakespeare, aliyefariki 1616, hana mrithi wa kumwomba ruhusa, na hiyo ni sababu mojawapo ya yeye kuonekana kila msimu akiwa amevalishwa nguo za kila zama.

Fedha sasa. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walionyesha jambo ambalo wasimamizi wa kumbi walilihisi bila kulipatia maelezo. Kiwanda cha nguo cha leo kinatumia watu wachache mno kutengeneza kile ambacho zamani kilihitaji umati. Lakini utunzi wa Beethoven wa fidla mbili, viola na selo unahitaji watu wanne leo kama ulivyohitaji miaka 200 iliyopita, na kwa dakika zile zile. Mishahara ya wanamuziki hao inapaswa kupanda pamoja na ya wengine, vinginevyo wataacha kazi, ilhali hawawezi kupiga haraka zaidi ili kufidia. Kwa hiyo gharama hupanda daima kuliko mapato ya mlangoni. Tiketi peke yake hazitoshi kulipia okestra kamili. Pengo huzibwa na ruzuku ya serikali na miji, kama ilivyozoeleka Ujerumani, au na wafadhili binafsi na mitaji ya akiba, kama ilivyozoeleka Marekani.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza lile swali la wiki tatu dhidi ya siku mbili. Sehemu kubwa ya gharama ya mchezo wa kuigiza hutumika kabla pazia halijafunguliwa: wiki kadhaa za mazoezi, mandhari, mavazi, taa. Ukishafunguliwa, kila usiku wa ziada ni nafuu, hivyo inalipa kuucheza kwa muda mrefu. Okestra ni kinyume chake. Mazoezi ni mawili hadi manne kwa kawaida, hakuna mandhari ya kujengwa, lakini kila jioni watu wale wale themanini au mia wako jukwaani na wote wanalipwa. Kurudia hakupunguzi sana gharama, na wasikilizaji wa kazi fulani katika mji mmoja huisha baada ya jioni mbili tatu. Hivyo kila wiki inakuja na mambo mapya.

Mpangilio wa jioni moja nao umejengwa juu ya hesabu hiyo. Fomula iliyozoeleka ni kazi fupi mwanzoni, kisha koncheto ambapo mpiga ala mmoja mashuhuri anasimama mbele ya okestra, mapumziko, na baada yake simfoni ndefu. Utunzi mpya huwekwa kwenye nafasi ya kwanza. Sababu wanayoitaja wasimamizi wakiwa peke yao ni kwamba aliyekuja kwa ajili ya simfoni hawezi kuukwepa. Ipo na sababu ya mikono: utunzi mpya mara nyingi una ngoma na vyuma vingi vya kugongwa, na koncheto ya piano inahitaji piano katikati. Piano kubwa ya tamasha ina uzito wa karibu nusu tani. Watazame mafundi wa jukwaa wenye nguo nyeusi wakati huo: viti vya fidla za mbele vinasogezwa, piano inasukumwa taratibu magurudumu yakielekezwa kwa mguu, kifuniko kinainuliwa, na mpiga fidla kiongozi anagusa noti moja ili wote walinganishe sauti. Wakati wa mapumziko itaondolewa tena. Ratiba ya jioni ikikosea mpangilio huu, wasikilizaji watakaa wakitazama samani zikihamishwa.

Kisha kuna tiketi za msimu mzima, ambazo ukumbi hupenda kuziuza kabla ya kufungua mauzo ya jioni mojamoja. Desturi ni ya zamani. Machi 1784 Mozart alimpelekea baba yake orodha ya watu 174 waliojiandikisha na kulipia mapema mfululizo wa matamasha yake matatu jijini Vienna. Faida yake kwake ilikuwa ile ile inayotafutwa leo: fedha zinaingia kabla ya gharama, na idadi ya wasikilizaji inajulikana. Kwa ukumbi, mwenye tiketi ya msimu ni wa thamani kwa sababu nyingine pia. Huyo huja hata usiku ambao asingeuchagua mwenyewe. Jioni nane kwenye furushi lake zinaweza kubeba sita za majina makubwa na mbili zisizojulikana, na bila yeye hizo mbili zisingekuwepo. Kadiri watu wanavyozidi kununua tiketi moja moja dakika za mwisho, ndivyo mkurugenzi anavyolazimika kuziondoa hizo mbili.

Hapo ndipo ninaposimama kuhusu tiketi ya kwanza. Beethoven atakuwepo mwakani na mwaka unaofuata. Okestra mwenyeji itampiga, na pengine okestra mbili za wageni pia. Kazi ya mtunzi aliye hai, iliyoandaliwa kwa fedha za ukumbi wenyewe Alhamisi moja ya Novemba, ikikosa watu huenda isipigwe tena mbele yako maishani, na aliyeipigania ndani ya ofisi atakosa hoja msimu unaofuata. Idadi ya viti vilivyouzwa usiku ule ndiyo kura pekee anayoweza kuionyesha kwenye kikao cha bajeti.

Bei isiwe kizuizi kabla hujauliza. Musikverein una nafasi za kusimama. Matamasha ya Proms ya London, yaliyoanza mwaka 1895 na kuhamia Royal Albert Hall baada ya ukumbi wake wa awali kuharibiwa kwa bomu mwaka 1941, bado huuza nafasi za kusimama kwa bei ndogo siku ile ile. Concertgebouw una matamasha ya bure ya saa za mchana Jumatano, katika sehemu kubwa ya msimu. Kumbi nyingi hushusha bei za viti vilivyobaki saa chache kabla ya kuanza, hasa kwa vijana. Uliza pia viti vya nyuma ya okestra. Tangu Philharmonie ya Berlin ilipofunguliwa mwaka 1963 ikiwa na wasikilizaji pande zote za jukwaa, kumbi nyingi zimeiga, na viti hivyo huwa vya bei nafuu. Ukikaa hapo unamwona mwongozaji usoni: unaona macho yake yakimwita mpiga zumari nusu sekunde kabla ya sauti kutoka, na unaona anavyotulia ngoma zinapokaribia. Ubaya wake ni kwamba ngoma na tarumbeta ziko karibu yako kuliko fidla. Na jioni za waimbaji usikae huko, kwa kuwa sauti ya mtu huelekea mbele na maneno yatakupotea. Usiku huo lipia kiti cha mbele, hata kama ni cha pembeni kabisa.